Mvikingi bila jahazi: je, nyasi ni washindi wa visiwani kweli?

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi na picha yake iko wazi: nyasi ni mnyonge, kazi yake ni kukanyagwa. Sasa, mwaka 2018 wanasayansi watano, Peter Linder, Caroline Lehmann, Sally Archibald, Colin Osborne na David Richardson, walichapisha makala ndefu katika jarida la Biological Reviews wakisema karibu kinyume chake. Kwao nyasi si mnyonge hata kidogo. Nyasi ni Mvikingi.

Ndiyo, wale wale mabaharia wa Ulaya ya kaskazini waliokuwa wakivuka bahari miaka elfu moja na ushee iliyopita, wakavamia pwani za watu, wakalowea, na mwisho wakabadilisha kabisa maisha ya mahali walipofikia.

Sisi tunaosoma ikolojia ya mimea makala hii huwa hatuikwepi, na kwa haki: ni moja ya makala bora kuhusu nyasi ambazo nimewahi kuzisoma. Ila picha tamu ikishakaa kichwani, watu huanza kufikiri kwa picha badala ya kufikiri kwa ushahidi. Kwa hiyo leo nataka tuipime pamoja. Na sehemu nzuri ya kuipimia ni visiwa vya bahari kuu, yaani visiwa vilivyozaliwa na volkano au matumbawe katikati ya maji na ambavyo havijawahi kuungana na bara. Huko hakuna mmea uliokuwepo tangu mwanzo. Kila mmoja, au babu yake, alisafiri. Kama nyasi ni Wavikingi, basi hapo ndipo tungetegemea kuwaona wakiwa kazini.

Makala inadai nini hasa

Familia ya nyasi, Poaceae, ina karibu spishi 12,000. Mpunga, mahindi, ngano, muwa, mianzi, matete ya ng'ombe na ukoka wa uani kwako, wote ni ukoo mmoja. Wanapatikana karibu kila mahali penye mimea ya maua, na sehemu nyingi wao ndio wenye nchi. Kwa nini?

Ni rahisi kujibu kwa sifa moja tu, kwa mfano ile njia ya C4 ya usanisinuru inayowasaidia nyasi wengi wa nchi za joto. Linder na wenzake wanakataa njia hiyo ya mkato. Wanasema tuangalie sifa nyingi kwa pamoja: kusafiri mbali, kuota haraka, kuzoea mazingira tofauti, kustahimili kuliwa na kuchomwa moto, halafu kubadilisha mazingira yenyewe kwa kubadili namna moto unavyowaka na namna mamalia wanavyokula. Kwa kifupi ni hatua tatu: kufika, kubaki, kugeuza. Mkusanyiko huo ndio wanaouita hulka ya Kivikingi.

Tuzichukue hatua hizo moja moja, tukitembelea visiwa.

Kufika: hapa sina ugomvi nao

Chukua suke la nyasi yoyote uliangalie kwa karibu. Punje haisafiri uchi. Iko ndani ya kisuke chenye magamba, na mara nyingi gamba moja lina ndevu ndefu inayonasa kwenye nguo, kwenye manyoya au inayopepea na upepo. Ndani ya punje mna kiinitete ambacho kimeshakomaa, pamoja na akiba ya wanga. Yaani abiria anasafiri na chakula chake, na akishuka tu anaanza kazi.

Njia za kusafiri ziko nyingi. Charles Darwin aliwahi kuchukua vijiko vitatu vya tope kutoka kwenye kidimbwi, akaliweka ndani na kuhesabu kila mche uliochipuka. Alipata mimea 537. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege anayeruka na tope miguuni anaweza kuwa amebeba bustani nzima. Wengine wanapita majini. Kuna nyasi ya ufukweni iitwayo Thuarea involuta, iliyoenea kwenye fukwe za Bahari ya Hindi na Pasifiki; suke lake linajikunja na kuifunika mbegu, likawa kama kifuko kinachoelea. Hiyo si kubahatisha tena, hiyo ni mitumbwi.

Na kuna faida nyingine muhimu. Ukitua peke yako kisiwani, tatizo la kwanza ni mwenza. Mmea unaotegemea nyuki fulani wa kwao utakaa ukisubiri mpaka ufe. Nyasi wengi huchavushwa na upepo, na upepo uko kila mahali. Baadhi wanaweza kujichavusha wenyewe, na baadhi hutoa mbegu bila kurutubishwa kabisa. Mnamo 1955 mtaalamu wa mimea Herbert Baker alieleza kwamba wahamiaji wa mbali wanapaswa kuwa na tabia ya namna hiyo, kwa sababu mbegu moja inatosha kuanzisha ukoo.

Kwa hiyo kwenye kufika, alama zote nawapa. Nyasi wa asili wapo mpaka Hawaii, iliyo zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara lolote.

Lakini subiri. Hebu tuangalie walifanya nini baada ya kufika. Hawaii ina mimea ya maua ya asili kama spishi 1,000, na takriban tisa kati ya kila kumi haipatikani kwingine duniani. Ukoo uliotia fora ni wa lobelia, jamaa wa yale malobelia makubwa unayoyaona ukipanda Mlima Kilimanjaro: mhamiaji mmoja tu, na leo kuna spishi zaidi ya 120. Nyasi je? Wapo wa asili, wa jenasi kama Eragrostis, Dichanthelium, Poa na Deschampsia, na baadhi yao hawapatikani popote isipokuwa huko. Lakini hakuna hata mmoja aliyezaa ukoo mkubwa kama ule wa lobelia. Huyu ni Mvikingi gani anayefika kabla ya wengi, akajenga kibanda, akatulia?

Kubaki: kaulize Krakatau

Agosti 1883 volkano ya Krakatau, kati ya Java na Sumatra, ililipuka na kufukia kila kilichobaki cha kisiwa chini ya majivu. Krakatau si kisiwa cha mbali, majirani wake wako umbali wa kilomita chache kumi. Lakini kwa swali letu ni maabara isiyo na mfano, maana watafiti walikuwa wakirudi kuhesabu mimea tangu mwanzo kabisa.

Mwaka 1886 Melchior Treub alikuta hasa majani ya jamii ya madege na nyasi wachache. Kufikia 1897 nyasi walikuwa wameshika usukani. Sehemu za ndani zilikuwa mbuga nene ya Saccharum spontaneum, ndugu wa porini wa muwa, na Imperata cylindrica yenye masuke meupe kama pamba. Kama makala ya Wavikingi ingeandikwa mwaka huo, Krakatau ingewekwa kwenye jalada.

Halafu miti ikaja. Kivuli kikaanza kuzibana zile mbuga, na kufikia karibu 1930 kisiwa kilikuwa kimefunikwa na msitu. Nyasi walibaki pembezoni. Utawala wao haukufika hata nusu karne.

Sasa jambo la kufurahisha: jirani hapo hapo kuna mtoto wake, Anak Krakatau, volkano iliyochomoza baharini mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambayo hulipuka kila mara na kufuta kilichoota. Huko Saccharum ameendelea kuwa mtu wa mbele miaka nenda rudi. Nyasi ni yule yule, bahari ni ile ile, mvua ni zile zile. Kilichotofautiana ni kwamba kisiwa kimoja kilitulia na kingine hakitulii.

Makala inasema nyasi hustahimili misukosuko, na ni kweli, kwa sababu machipukizi yake yapo chini, karibu na udongo au ndani yake, mahali ambapo jino na moto havifiki kirahisi. Kile ambacho picha ya Mvikingi inaficha ni upande wa pili wa shilingi: nyasi huhitaji misukosuko. Pasipokuwa na anayeiangusha miti, mahali penye mvua ya kutosha, miti inashinda. Katika savana zetu kazi hiyo inafanywa na moto, tembo na makundi ya wala majani. Visiwa vya bahari kuu havina vitu hivyo. Mamalia wa nchi kavu wa asili hawapo, ukiacha popo. Moto wa asili ni nadra. Yaani nyasi anafika Hawaii akiwa ameacha nyuma jeshi lake lote.

Kugeuka: zulia la kobe Aldabra

Tuje karibu na nyumbani. Aldabra, sehemu ya Shelisheli, ni kisiwa cha matumbawe kilichoinuka kaskazini magharibi mwa Madagaska. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipanda ikakifunika chote. Maana yake kila kiumbe cha nchi kavu kilichopo leo, au mzazi wake, kiliwasili baada ya hapo. Mmoja wa waliowasili ni kobe mkubwa, na kama unadhani kobe hawezi kuvuka bahari, kumbuka Desemba 2004: kobe wa Aldabra alitoka majini kwenye ufukwe wa Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, miguu ikiwa imeota vijidudu vya magamba vile vinavyoganda kwenye mashua. Alikuwa ameelea kwa zaidi ya kilomita 700.

Kobe hawa wa Aldabra ni makumi ya maelfu, na wanakula majani mchana kutwa. Mahali wanapolisha pametokea kitu ambacho watafiti wamekipa jina la kobe wenyewe, tunaweza kukiita zulia la kobe: mkusanyiko wa spishi zipatazo 20 za nyasi, ndago na magugu madogo, vyote vifupi mno. Kati yao yumo Sporobolus testudinum, nyasi wa eneo la Aldabra pekee, ambaye hata jina lake la kisayansi limetoka kwa kobe. Baadhi ya mimea ya zulia hili ufupi wake uko kwenye jeni, si matokeo ya kukatwakatwa tu. Na masuke yao hukaa chini kabisa karibu na udongo, ambapo mdomo wa kobe hauchukui kila kitu.

Huu ni mfano ambao natamani ungepewa kurasa nyingi katika kila mjadala wa mafanikio ya nyasi. Kwanza, unaiunga mkono makala: nyasi na mla nyasi wanajenga mazingira ya wazi kwa pamoja, na hapo miti haipati nafasi kirahisi. Pili, unaikosoa: mwenza hapa ni mnyama mtambaazi, wakati maelezo ya makala yanazungumzia zaidi mamalia. Tatu, na hili ndilo kubwa, sioni mvamizi wala mvamiwa. Naona makubaliano. Nyasi amekubali kuwa mfupi, kobe amepata malisho. Ondoa kobe leo, na zulia litaanza kupotea chini ya mimea mirefu. Mshindi anayehitaji mlaji wake ili abaki hai ni mshindi wa namna gani?

Mauritius wameielewa hoja hii kwa vitendo. Kobe wao wa asili walishakwisha, wakachukua wa Aldabra na kuwapeleka kwenye visiwa vidogo kama Round Island ili warudishe ile kazi ya kula na kusambaza mbegu.

Kugeuza: hapa ndipo picha inapoumiza watu

Sasa turudi Hawaii, kwa sababu huko watu watasema: mbona nyasi wameiteka?

Ni kweli, wameiteka. Karibu robo ya ardhi ya Hawaii leo ni nyasi na vichaka vya kigeni. Na hili litakugusa msomaji wa Afrika Mashariki: wengi wa nyasi hao wametoka barani kwetu. Kuna nyasi ya Guinea, Megathyrsus maximus. Kuna Melinis minutiflora. Kuna Cenchrus ciliaris wa malisho ya nchi kavu, Cenchrus setaceus aliyepandwa kama pambo, na Cenchrus clandestinus, ambaye duniani kote anajulikana kwa jina la Wakikuyu kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huyu wa mwisho kwa mfugaji wa Kenya ni malisho mazuri. Marekani yuko kwenye orodha ya serikali kuu ya magugu hatari.

Mwaka 1992 Carla D'Antonio na Peter Vitousek walieleza jinsi mtego unavyofanya kazi. Nyasi wa kigeni hujaza nafasi iliyokuwa wazi kati ya miti. Kiangazi hukauka. Moto ukitokea, unapita ambapo zamani usingepita. Miti ya asili, ambayo haikuwahi kuishi na moto wa mara kwa mara, inakufa. Nyasi wanachipua wiki chache baadaye. Mara ya pili nyasi ni wengi zaidi, na moto ni mkubwa zaidi. Mzunguko unajilisha wenyewe.

Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, kisiwani Maui, uliteketea na watu zaidi ya 100 wakafa. Cheche zilitoka kwenye nyaya za umeme, upepo ulikuwa mkali kupita kiasi, na kuni zilikuwa nyasi wakavu waliojaa kwenye mashamba yaliyoachwa baada ya biashara ya miwa kufa. Kiwanda cha sukari cha Lahaina kilifungwa mwaka 1999. Ardhi ikabaki, nyasi wakaingia.

Je, huyo ndiye Mvikingi? Angalia ukoo wa Cenchrus. Hawaii ina Cenchrus wake wa asili, Cenchrus agrimonioides. Ni jenasi ile ile ya wale watatu kutoka Afrika. Naye alifika kwa nguvu zake mwenyewe, bila shaka kwa msaada wa ndege, maana mbegu zake zina miiba ya kunasa. Alibaki, akabadilika, akawa spishi ya huko pekee. Leo yuko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Ndugu wanne: mmoja alikuja kwa ndege wa angani, yuko taabani, watatu waliletwa na watu, wanatamba.

Nani aliwapa nguvu hao watatu? Ng'ombe wa kwanza waliletwa Hawaii mwaka 1793 na nahodha George Vancouver, zawadi kwa Mfalme Kamehameha. Wakazaana, wakakanyaga misitu. Wafugaji wakaagiza nyasi za malisho zinazowafaa ng'ombe, na wapi pengine pa kuzipata kama si Afrika, ambako nyasi na wala majani wamefundishana kwa mamilioni ya miaka? Kisha mashamba makubwa yakaja, yakasafisha kila kitu, yakafilisika, yakaondoka. Yaani watu walibeba mpaka Hawaii jeshi lote ambalo nyasi alikuwa ameliacha nyuma: mla majani, ardhi iliyovurugwa, na kiberiti.

Hapo ndipo ugomvi wangu na neno "Mvikingi" ulipo. Mvikingi ana nia, ana panga, ana jahazi lake mwenyewe. Ukimwita nyasi hivyo, unampa lawama mtu asiye na meli. Habari inakuwa "majani ya Afrika yameivamia Hawaii", na mwenye ng'ombe, mwenye shamba na mwenye nyaya wanapita pembeni kimya kimya. Na suluhisho linalofuata lawama hiyo ni dawa ya kuua magugu, ikinyunyiziwa kwenye ardhi ambayo kesho itaota magugu yale yale, kwa sababu mwenye ardhi hajaulizwa atapanda nini badala yake.

Tuitupe picha hiyo, basi?

Hapana, siitupi. Linder na wenzake wametupa kitu cha thamani: wamekataa jibu la sifa moja, na wao wenyewe wanaeleza vizuri jinsi nyasi, moto na wala majani wanavyoimarishana. Ukisoma ndani, ushahidi wa hoja yangu mwingi ni wao walioukusanya. Tatizo ni kwamba msomaji wa haraka anaondoka na jina, na jina linasimulia hadithi ya shujaa mmoja.

Visiwa vinasimulia nyingine. Krakatau: nyasi alishinda mpaka kisiwa kilipotulia. Aldabra: ameshinda kwa kukubaliana na kobe. Hawaii ya kale: alifika, akakaa na wenzake kwa heshima bila kumfukuza mtu. Hawaii ya leo: ameshinda kwa sababu watu walimpakia, wakamfungulia mlango, wakamwasha moto.

Kwangu mimi nyasi ni abiria hodari kuliko wote. Anapanda chombo chochote, hali kingi, akishuka haombi msaada. Lakini abiria hachagui njia. Kwa hiyo ukikutana na habari nyingine ya "nyasi vamizi", na utakutana nayo, uliza mambo matatu kabla ya kuamini kichwa cha habari. Alikuja na chombo gani? Alimkuta nani pale, au nafasi ya nani ilikuwa imeshaachwa wazi? Na nani anamlisha mpaka leo, kwa ng'ombe, kwa moto au kwa kuacha shamba bila mtu?

Methali yetu nayo haikukosea. Nyasi huumia tembo wakipigana. Ila haikumaliza: tembo wakiondoka kabisa, kuna mahali nyasi huumia zaidi.